Jiwe la Nne na Miguu ya Bibi Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Aliyekalia mkeka wa mwenzake aurudishe kabla sijaanza, maana hadithi ikifika katikati ataona haya kuinuka.

Kulikuwa na kale, na kale hiyo ilikuwa na kijiji. Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo, kimekaa mgongoni mwa kilima kama mtoto aliyebebwa. Kilikuwa na vitongoji vitano, na kila kitongoji kilitoa mzee mmoja wa kukaa barazani. Juu ya wazee hao watano alikuwapo Jumbe. Hakuna aliyejua kusoma, wala hapakuwa na karatasi ya kusomwa. Mpaka wa kijiji ulishikwa na mawe sita, na mawe hayo sita yalilindwa na matako ya watoto.

Msicheke. Nitawaeleza.

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, kijiji kizima kiliuzunguka mpaka wake kwa miguu. Mbele Jumbe, nyuma yake wazee, nyuma ya wazee kila mwenye pumzi. Siku hiyo waliiita Mzunguko. Na kila mwaka jiwe moja lilipata shahidi mpya. Alichaguliwa mtoto, awe wa kike au wa kiume, watu wanne wakamwinua juu juu, wakamkalisha juu ya jiwe kwa kishindo mara tatu. Pu! Pu! Pu! Mtoto akalia. Mama yake akampa kipande cha sega la asali. Kisha mzee mmoja akainama akamwambia, "Sasa wewe ni shahidi wa jiwe hili. Kichwa husahau. Tako halisahau."

Ukizuka ugomvi wa mpaka, aliitwa shahidi mzee kuliko wote waliokalishwa kwenye jiwe lile. Hakuulizwa kwa maneno. Alifungwa kitambaa machoni, akasimamishwa kwenye jiwe lililotangulia, akaambiwa nenda. Mahali atakapokaa, hapo ndipo mpaka. Mdomo huhongwa, walisema wazee wale, lakini mguu utauhonga kwa kitu gani?

Basi kulikuwa na Jumbe aliyeitwa Mntambo, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na mkono mwepesi wa kutoa. Watu walimpenda. Walimpenda kwa tabia yake, na walimpenda zaidi kwa ajili ya baba yake. Baba yake alikuwa Jumbe Kivuma, naye alikuwa amekufa zamani, lakini jina lake lilikuwa halijafa hata kidogo. Watoto walisimuliwa hivi: mwaka wa ukame mkubwa, Kivuma alikwenda peke yake mpaka kwenye jiwe la nne, akachimba ardhi kwa fimbo yake, na maji yakatoka pembeni ya jiwe. Chemchemi ile haikukauka tena. Mtu akitaka kuaminiwa alisema, "Naapa kwa maji ya Kivuma." Mntambo alikuwa mtoto wa mgongoni mwaka huo. Alikua akiyanywa maji yale, na kila alipoinama kuyateka aliona uso wake, na watu walimwambia ni uso wa baba yake.

Katika kijiji hicho alikaa pia Bibi Sikudhani. Alikuwa mfinyanzi. Nyumba yake ilikuwa pembezoni kabisa, karibu na shimo la udongo, na macho yake yalikuwa yamezimika kwa uzee. Mtu akiwa na shauri zito hakwenda kwanza barazani. Alikwenda kwa Bibi Sikudhani. Naye bibi hakumwambia neno. Alimpa donge la udongo mbichi, akamwambia, "Kanda, huku unasema." Mtu akasema, akakanda. Akimaliza, bibi aliupokea udongo ule, akaupapasa kwa vidole. Ukiwa laini alisema, "Nenda kafanye ulilolisema mwisho." Ukiwa na madonge alisema, "Rudi kesho."

Wapo waliorudi kesho kumi. Mwanamke mmoja aliyetaka kumtupia mkwewe vyombo nje alikanda udongo siku nne, na siku ya tano akaja na mkwewe, wakakanda pamoja wakicheka. Vyungu vilivyotoka katika udongo ule, watu walisema, havikupasuka motoni.

Siku moja, kiangazi kikiwa kikali, watu watatu walipanda kilima kutoka Bondeni. Bondeni kilikuwa kijiji cha jirani, upande wa pili wa mpaka. Aliyetangulia alikuwa Mzee Ngoda, mkuu wao, mtu mrefu anayesema polepole. Wa pili alikuwa mwanawe. Wa tatu alikuwa mwanamke aitwaye Mama Lugendo. Huyu alikuwa na upara mdogo utosini. Si ugonjwa. Ni mahali ilipokaa kata ya majani, na juu ya kata mtungi, kila siku ya maisha yake, kwenda mtoni na kurudi.

Mzee Ngoda akaeleza barazani kwamba bibi zao walikuwa wakisema chemchemi ya jiwe la nne ni ya Bondeni. Hakujua kama ni kweli. Mwaka wa ukame mkubwa watu wa Bondeni walitawanyika wote, na waliorudi baadaye walikuwa watoto. Wala hawakuwa na desturi ya mawe. Lakini mto umekuwa mbali, na mto una mamba, na sasa wameona afadhali kuuliza kuliko kufa na adabu zao.

Wazee wa baraza wakanong'ona. Chemchemi ilikuwa imepungua mwaka ule. Maji yaliyotosha kijiji kimoja, yatatoshaje viwili? Mzee mmoja, Shekuwe, ambaye ulimi wake ulikuwa hauna likizo, akasema kwamba hata nzi wa Bondeni akipewa ukingo wa chungu, kesho ataomba mwiko.

Ndipo Mama Lugendo alipoinuka. Hakupaza sauti.

"Mwezi uliopita mdogo wangu alikwenda kuteka maji mtoni," alisema. "Kilichorudi ni kibuyu chake. Kilirudi peke yake, kinaelea."

Akakaa.

Macho ya wote yakamgeukia Jumbe Mntambo. Alikuwa mtu mwema, nami sisemi kwamba hakuwa. Lakini mtu mwema naye huogopa. Aliona kwamba akisema tugawane, watu wake watauliza kwa nini anagawa maji ya baba yake. Akiwafukuza, kibuyu kile kitaelea mbele ya macho yake kila jioni. Akatafuta njia isiyomgharimu kitu, na njia hiyo ilikuwapo. Ilikuwa ni sheria. Akasimama akasema mbele ya wote kwamba shahidi ataitwa. Miguu ya shahidi ikisema chemchemi ni ya Bondeni, basi ni ya Bondeni, na yeye Jumbe atalibeba jiwe kwa mikono yake mwenyewe. Ikisema ni yetu, watu wa Bondeni wasipande tena kilima hiki na neno hilo.

Akaapa. Aliapa kwa jina la baba yake. Aliapa upesi, kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani, asiyenyoosha hata mkono kupapasa ukuta.

Wazee wakahesabu waliowahi kukalishwa kwenye jiwe la nne. Mkubwa wao wote alikuwa Bibi Sikudhani. Barazani wakafurahi. Shahidi mzee namna hiyo, tena kipofu, nani atathubutu kusema ameelekezwa?

Jumbe alikwenda mwenyewe kumwita. Alimkuta anakanda udongo.

"Tafuta mwingine, mwanangu," Bibi Sikudhani akasema.

"Bibi, sheria inamtaka mkubwa. Ni wewe."

"Umeshaapa?"

"Nimeapa."

"Kwa jina la nani?"

"La baba."

Mikono ya bibi ikasimama. Ikakaa kimya juu ya udongo kwa muda, kama kuku aliyesikia kitu. Kisha ikaanza tena kukanda.

"Nitakwenda," akasema.

Jumbe akarudi akifikiri kwamba bibi anaogopa njia, kwa sababu ya umri. Akaagiza fimbo nzuri ichongwe.

Siku ikafika. Jua lilikuwa limeshapanda. Watu wa kilimani walisimama upande mmoja, watu wa Bondeni upande mwingine, na Bibi Sikudhani katikati, kwenye jiwe la tatu, mdogo kama mtoto aliyekalishwa jana. Mzee mmoja akaleta kitambaa.

"Mnafunga mlango wa nyumba isiyo na watu," akasema Shekuwe. "Macho yenyewe yalihama zamani."

"Funga tu," akasema bibi. "Sheria haiulizi kama macho yanafanya kazi. Na wewe Shekuwe, siku ukifungwa mdomo, kijiji kitalala mchana."

Watu wakacheka, pande zote mbili. Kicheko kile ndicho cha mwisho siku hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Kutoka jiwe moja hadi jingine kulikuwa na wimbo. Watoto walifundishwa wimbo na waliambiwa uimbwe mara ngapi, ili hatua zisipotee. Wa kwenda jiwe la nne ulikuwa huu:

Guu langu, nipeleke
pale nilipolilia;
jiwe langu, ningojee,
ndiye mimi, narejea.

Uliimbwa mara kumi na mbili. Kila mtoto wa kilimani alijua. Mara kumi na mbili, na mwisho wa ya kumi na mbili unasikia maji.

Bibi Sikudhani akaanza kwenda. Fimbo ikasema ko, ko, ko. Akaimba kwa sauti nyembamba, na kijiji kikamfuata nyuma kikiimba. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ko, ko, ko. Akapita kichuguu bila kukigusa. Mara ya nne, ya tano. Akaruka mtaro uliokauka, akaruka kama msichana, na watu wakatazamana. Mara ya sita, ya saba. Jumbe alitembea ubavuni mwake, moyo wake umetulia. Kwa mbali aliliona jiwe la nne, kijivu, na nyuma yake kijani kibichi cha chemchemi. Mara ya nane. Ko, ko, ko. Mara ya tisa.

Fimbo ikanyamaza.

Bibi akasimama. Akageuka kidogo kushoto, kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kitanda. Kisha akainama, akashika ardhi kwa kiganja, akakaa. Alikaa chini, penye majani makavu, mahali pasipo na kitu chochote.

Watu waliokuwa nyuma waliendelea kuimba. Waliimba nusu ya mara ya kumi kabla wimbo haujawafia mdomoni.

"Bado, bibi," Jumbe akasema taratibu. "Bado kidogo. Umechoka. Mleteeni maji."

Wakamletea maji katika kata ya kifuu. Bibi akayapokea, hakuyanywa. Akayaweka chini kando yake.

"Sijachoka," akasema. "Nimefika."

Watu wa Bondeni wenyewe hawakusogea. Walikuja kuomba, hawakuja kushinda, na sasa hawakujua mikono yao waiweke wapi.

Jumbe Mntambo alisikia masikio yakilia, nzzzz, kama nyuki ndani ya mzinga. Alilitazama jiwe kule mbele. Alimtazama bibi hapa chini. Kati ya bibi na jiwe palikuwa na umbali wa nyimbo tatu, na katika nyimbo hizo tatu ilikuwamo chemchemi yote, na kiapo, na baba yake.

Akasema, na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake, kwamba uzee ni mzigo na miguu nayo huzeeka. Akasema waliotangulia walizika mkaa chini ya kila jiwe, kwa sababu mkaa hauozi wala hauliwi na mchwa. Basi ichimbwe chini ya jiwe. Mkaa utasema, na bibi atapelekwa nyumbani kwa heshima, akapumzike.

Bibi akabaki alipokaa, wengine wakaenda mpaka kwenye chemchemi. Vijana wakalisukuma jiwe la nne likalala ubavu. Wakachimba. Khu! Khu! Khu! Tope likatoka. Mizizi ikatoka. Chura mmoja akatoka, akawatazama, akaenda zake majini. Wakachimba kina cha goti. Wakachimba kina cha paja. Hapakuwa na hata punje moja ya mkaa.

Jumbe alimpokonya kijana jembe. Akarudi kule alikokaa bibi, akamwomba asogee, akaanza kuchimba mwenyewe. Alitaka kuona udongo mtupu. Aliutaka kuliko alivyowahi kutaka chakula. Udongo mtupu pale ungesema hakuna anayejua, na pasipo na anayejua, jiwe hubaki lilipo. Khu! Khu! Khu! Udongo mwekundu. Khu! Khu! Udongo mwekundu. Khu!

Weusi.

Akapiga magoti, akatia mikono. Ulikuwa mkaa, vipande vikubwa, vikavu, kana kwamba moto ulizimwa juzi. Na juu ya mkaa kigae cha chungu, kimefunikwa kifudifudi, kama walivyofanya waliotangulia. Alipoinua mikono yake, watu waliiona. Ilikuwa myeusi mpaka viwikoni.

Mtoto mmoja wa mgongoni alianza kulia, na mama yake hakukumbuka kumbembeleza.

Shekuwe alimkaribia Jumbe, akainama sikioni. Alikuwa hana utani tena. Alisema mkaa ule unaweza kuwa wa shamba lililochomwa zamani. Alisema bibi kizee hakumbuki hata alichokula jana. Alisema wao ni kijiji kizima, na hawa ni wachache. "Sema neno moja tu, Jumbe," akanong'ona. "Neno moja, nasi tutalibeba lililobaki."

Msimhukumu Shekuwe. Alikuwa na wajukuu saba, na kiangazi kilikuwa hakijafika nusu.

Jumbe akamgeukia bibi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote hii," akasema Bibi Sikudhani. "Na maji niliyanywa."

Kisha akafungua kitambaa machoni, ingawa hakikumzuia kitu, akaeleza mbele ya wote, polepole, kama anayejenga ukuta wa chungu. Alisema mwaka ule wa ukame kijiji kilibaki na nyumba nne tu, wengine wote walikuwa wamekwenda kwa ndugu zao wa mbali. Bondeni hapakuwa na mtu hata mmoja. Chemchemi ilikuwapo tangu zamani, haikuchimbwa na fimbo ya mtu. Kivuma aliogopa kwamba watatokea wageni, wakute maji hayana mwenyewe, wayashike. Alikuwa na mtoto mgongoni mwa mkewe, ulimi wa mtoto umekauka. Akalihamisha jiwe siku moja, yeye na mume wa Sikudhani, kwa magogo na kamba. Alisema mvua ikinyesha atalirudisha.

"Mvua ikanyesha," akasema bibi. "Watu wakarudi, wakalikuta jiwe penye maji. Waliokumbuka mara tisa walikuwa na kiu kama sisi, wakawafundisha watoto mara kumi na mbili. Wakamshangilia. Wakatunga ile habari ya fimbo, wala si yeye aliyeitunga. Yeye alinyamaza tu. Kila mwaka, Mzunguko ukikaribia, alikuja kwangu. Alisema, mwaka huu nitalisema hadharani. Nikampa udongo akakanda. Haukulainika hata mara moja, Jumbe. Alikufa udongo wake ukiwa na madonge."

"Na wewe? Kwa nini hukusema?"

Bibi akakikunja kile kitambaa.

"Nilikuwa na watoto wanne," akasema, "nao walikuwa wakinywa. Kisha wakakua, nikasema, shahidi haulizwi kwa maneno, mpaka aitwe atembee. Nikajificha ndani ya sheria. Ni nyumba nzuri ile, haivuji. Nimekaa humo mpaka ulipokuja kunigongea."

Akainama, akapapasa ukingo wa shimo, akachota udongo mwekundu. Akachukua yale maji ambayo hakuyanywa, akaumwagia. Akanyoosha mkono wake.

"Baba yako alikuwa mtu mwema siku aliyolihamisha," akasema. "Ni zile siku zilizofuata. Haya, kanda."

Jumbe Mntambo akapokea. Akakaa chini na mikono yake myeusi, mbele ya vijiji viwili, akaanza kukanda. Hakuna aliyeondoka. Jua likasogea. Alikanda akimwona baba yake, si yule wa hadithi aliyekuwa na fimbo. Alimwona mtu aliyechoka, anayekwenda kila mwaka kwenye nyumba ya mfinyanzi na kurudi na neno lake lile lile. Alikumbuka kwamba kila baada ya safari hizo baba yake alikuwa hali. Alikuwa akikaa uani, anatazama vidole. Na yeye Mntambo, mtoto, alidhani ni hekima.

Akakanda. Udongo ulikuwa na madonge. Akakanda. Mkaa wa mikononi ukauingia, ukawa mweusi na mwekundu, kisha rangi moja. Watu walisikia tu ule mlio mdogo wa udongo, pyacha, pyacha. Mwisho akaliweka donge kiganjani mwa bibi. Bibi akalipapasa. Akalipapasa upande huu, akalipapasa upande ule. Hakusema rudi kesho. Alilifunga tu ndani ya kitambaa chake.

Jumbe akasimama.

"Jiwe lirudi," akasema.

Lilikuwa jiwe la watu sita. Alikuwa ameapa kulibeba kwa mikono yake, na alipoinama kulishika, hakuliweza. Akainama tena, hakuliweza. Mwana wa Mzee Ngoda akatoka upande wa Bondeni, akashika pembe moja. Shekuwe akatoka upande wa kilimani, akiguna na kuulaani mgongo wake, akashika nyingine. Wengine watatu wakaongezeka. Wakalibeba umbali wa nyimbo tatu, bila kuimba. Wakalisimamisha juu ya mkaa. Likazama mahali pake kwa sauti ya chini, ummm, kama ng'ombe anayelala.

Hapo Bibi Sikudhani akauliza shahidi wa jiwe ni nani. Jiwe limesogea, lazima apatikane shahidi mpya. Mama mmoja akamsogeza binti yake.

"Si mtoto," akasema bibi. "Safari hii tunataka tako litakalouma zaidi."

Watu hawakuelewa. Jumbe alielewa. Akavua joho lake la cheo, akalikunja, akaliweka juu ya majani. Mtu mzima, mwenye mvi za kwanza, mwana wa Kivuma. Akatokwa na jasho. Watu wanne wakamwinua, wawili wa kilimani na wawili wa Bondeni, juu juu, miguu ikining'inia, na kijiji chake kikamtazama kwa macho makubwa, kisiamini kinachokiona.

Pu!

Pu!

Pu!

Machozi yalimtoka. Wengine walisema ni maumivu. Mama mmoja, kwa mazoea, akatia mkono ndani ya kikapu akitafuta asali.

Sasa chemchemi ilikuwa ya Bondeni. Watu wa kilimani walisimama na mitungi yao mitupu, na hofu ikawaingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Mzee Ngoda aliitazama ardhi. Watu wake walimtazama, naye hakusema. Nadhani alijua kwamba neno lile halikuwa lake. Yeye hakuwa amebeba mtungi hata siku moja.

Bibi Sikudhani akachukua fimbo. Ko, ko, ko, akashuka mpaka chemchemi. Akasimama hatua tano kabla ya maji, mahali ambapo pangekuwa na mlango, kama pangekuwa na nyumba.

"Hodi," akasema.

Maji yalitiririka. Hakuna aliyejibu.

Mnajua desturi. Hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mtu hugeuka akaenda zake, wala hasemi kitu.

"Hodi," akasema mara ya pili.

Mama Lugendo alikuwa amesimama ng'ambo ya maji, mkono wake utosini, pale penye upara. Alikuwa akiyatazama yale maji, machache, safi, yasiyo na mamba. Alikuwa akifikiri habari ya kibuyu. Kila mtu alijua anafikiri nini, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba anakosea.

Bibi Sikudhani akavuta pumzi. Alikuwa kizee, na koo lake lilikuwa kavu, kwa sababu hakunywa tangu asubuhi.

"Hodi," akasema.

Ndege akapita. Fimbo ya bibi ikaanza kugeuka.

"Karibu," akasema Mama Lugendo. Sauti yake ilikwaruza. "Karibu, bibi. Ila mimi kwanza."

Akapiga magoti. Akateka. Alijaza mtungi wake polepole, mpaka juu kabisa, mpaka ukamwagika, na vijiji viwili vikangoja. Kisha akajipangusa uso, akasogea, akampisha bibi.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile. Bondeni huteka kwanza, kilimani hufuata. Kiangazi kikiwa kikali, kilimani hupata kidogo, nao hunywa hicho kidogo. Jumbe Mntambo alikaa barazani kwa tako moja siku nne nzima, na Shekuwe hakumwachia hata siku moja bila kumuuliza kama jiwe hajambo. Jina la Kivuma hawakulifuta. Waliliongezea tu sehemu iliyokuwa imebaki, na kila Mzunguko wakifika jiwe la nne husimuliwa yote, kuhamishwa kwake na kurudishwa kwake, na wimbo huimbwa mara tisa.

Bibi Sikudhani alikufa mvua zilizofuata. Lile donge alilolikanda Jumbe lilikutwa nyumbani kwake. Alikuwa amelifinyanga kikombe kidogo, cha kunywea mtu mmoja.

Mpaka leo, anayefika kwenye chemchemi ile husimama hatua tano kabla ya maji akapiga hodi, hata kama hakuna mtu. Wapita njia hudhani watu wale wanasalimia mizimu. Sio mizimu. Wanasalimia wenye maji.

Basi ninyi mlionisikiliza, kumbukeni hili. Jambo alilolifanya mtu kwa kiu, watu watalielewa. Akililinda kwa aibu, litawalevya hata wajukuu. Na hakuna mtu aliyewahi kukaribishwa katika nyumba anayodai ni yake. Sharti kwanza atoke nje, asimame, apige hodi, na aungoje mdomo wa mwenyewe.

Hadithi yangu naitua hapa, mahali pale pale nilipoiokota.